Ng'ombe wa Jirani Shambani: Pima Hasara, Usipime Hasira

Leo tunazungumza na wakulima wa Mgori, mkoani Singida, pamoja na wengine wote wanaoishi mahali ambapo jembe la kukokotwa na fimbo ya kuchungia hukaa katika nyumba moja. Tutazungumzia mifugo ya jirani inapoingia katika shamba lako: ufanye nini siku ile ile, hasara ipimwe namna gani, fidia idaiwe kwa nani, na nini kifanyike ili jambo hilo lisirudi mwakani.

Jambo hili si dogo. Mvua za Singida ni za msimu mmoja tu. Huanza kati ya Novemba na Desemba, na kufikia mwisho wa Aprili huwa zimekwisha. Mtama ulioliwa mwezi wa Machi haupandwi tena mwaka huo. Kundi la ng'ombe ishirini likikaa shambani toka alfajiri mpaka jua kuchomoza, linaweza kuondoa chakula cha nyumba cha miezi kadhaa. Kwa hiyo mtu anayekuta shamba lake limeliwa ana haki ya kuumia.

Lakini tusisahau upande wa pili. Mara nyingi mwenye ng'ombe hao ndiye yule yule uliyemwomba maksai wa kulimia mwezi wa Desemba. Samadi iliyokuza mtama wako ilitoka katika zizi lake. Pengine na wewe una mbuzi watano, na mwezi ujao watakuwa wao walioingia kwake. Katika Mgori ni vigumu kupata mkulima asiye na mfugo hata mmoja, au mfugaji asiye na shamba. Ndiyo maana tunasema kesi ya namna hii si vita ya wakulima na wafugaji. Ni hesabu kati ya majirani wawili, na hesabu huhitaji kupimwa.

KWA NINI MIFUGO HUINGIA SHAMBANI

Kabla ya kutafuta dawa, tuijue kwanza sababu ya ugonjwa. Sababu ziko nyingi, lakini zinazojitokeza sana ni hizi.

Ya kwanza ni mchungaji. Katika vijiji vingi kazi ya kuchunga hupewa mtoto. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuzuia ng'ombe thelathini walioona mtama wa kijani. Akienda kunywa maji, au akichoka akalala chini ya mti, kundi limekwisha ingia.

Ya pili ni njia. Zamani mifugo ilikuwa na mapito yake ya kwenda majini na malishoni. Miaka ya 1970 watu walipohamia katika vijiji, nyumba nyingi zilikaa pamoja, na makundi mengi yakaanza kupita sehemu moja. Baadaye mashamba yakaongezeka. Siku hizi alizeti imekuwa zao la fedha kubwa Singida, na kila mtu anataka kuongeza ekari. Mtu akilima mpaka ukingoni mwa njia ya ng'ombe, na mwenzake ng'ambo akafanya hivyo hivyo, kinachobaki ni kichochoro. Ng'ombe hawatembei mmoja mmoja kama sisafu.

Ya tatu ni kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Novemba nyasi hukauka, na mabonde yenye unyevu ndiyo hubaki na majani. Na huko huko mabondeni ndiko watu hulima bustani za vitunguu na mboga. Mfugo wenye njaa haujui kwamba kitunguu kile kimekopewa mbegu.

Ya nne ni usiku. Punda wengi huachwa huru baada ya kazi, na zizi lenye miti iliyooza haliwezi kumzuia dume.

Ukiijua sababu ya ng'ombe kuingia kwako, utajua pia pa kuanzia kuwazuia. Lakini tuanze na siku yenyewe ya tukio.

SIKU UNAPOWAKUTA SHAMBANI

Jambo la kwanza, usimpige mfugo kwa panga, shoka wala mshale. Kuua au kujeruhi mfugo wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Mtu aliyekuwa mwenye kudai anageuka kuwa mshitakiwa. Mtama wako ulioliwa unaweza kuwa gunia moja, na fahali uliyemkata mguu thamani yake ni magunia mengi. Basi utakuwa umepoteza mara mbili. Vile vile usimpige mtoto anayechunga. Mwulize yeye ni mtoto wa nani, na mifugo ni ya zizi gani.

Jambo la pili, ita watu. Ukiweza, mwite jirani yeyote asiye ndugu yako aje aone kabla hujawatoa. Hesabuni mifugo pamoja. Angalieni rangi, chapa, au hereni ya sikioni kama ipo. Tazameni nyayo zimeingilia wapi na zimetokea wapi. Mwenye simu apige picha. Haya yote huchukua dakika chache tu, nayo yatakusaidia kuliko kelele za siku nzima.

Jambo la tatu, watoe polepole. Ng'ombe wakikimbizwa hukanyaga zaidi ya walichokula.

Jambo la nne, mpelekee habari mwenye zizi siku ile ile. Mwendee wewe, au tuma mtu mzima mwenye heshima. Hakuna haja ya maneno makali. Kwa mfano, mama mwenye shamba anaweza kumwambia mzee mwenye ng'ombe: "Shikamoo baba mdogo. Leo asubuhi ng'ombe wako wameingia kwenye mtama wangu wa kule bondeni. Tumewaona mimi na mama wa nyumba ya pili. Naomba uje tuone wote kabla jua halijawa kali." Mtu aliyeitwa namna hiyo huona haya kukataa kuja. Aliyeitwa kwa matusi huja na ndugu zake.

Huenda ukaambiwa, "Hawa si wangu, nimekabidhiwa tu." Ni kweli kwamba watu wengi hutunziana ng'ombe. Hata hivyo, wewe anza na yule ambaye zizi lake ndilo lililowatoa. Yeye na mwenye ng'ombe watajua wanavyogawana mzigo.

Jambo la tano, kama mwenyewe hajulikani au hayupo, mweleze mwenyekiti wa kitongoji na Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili mifugo izuiliwe kwa utaratibu wa kijiji. Ikiwa inabidi ikae kwako kwa muda, iwekwe pahali salama, ipewe maji na majani, na ndama waachwe wanyonye. Usikamue maziwa yao. Usichinje, usiuze, wala usiwafiche. Kuzuia mifugo ili mwenyewe apatikane ni jambo moja, na kuificha ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyekaa na ng'ombe wa mwenziwe siku tatu bila kutoa taarifa, atashindwa kueleza tofauti yake na mwizi.

Pengine ni kundi la watu wapitao, wasiokuwa wa kijiji hicho. Hapo ndipo hatari huwa kubwa, kwa sababu hakuna ujirani wa kuwazuia watu mikono. Usiwafuate peke yako wala kwa kundi lenye silaha. Toa taarifa kwa Mtendaji upesi, ukieleza idadi, chapa na upande walikoelekea. Tukumbuke yaliyotokea Rudewa, wilayani Kilosa, Desemba 2000, ambako ugomvi wa mifugo na mashamba uliishia kwa watu zaidi ya 30 kuuawa. Januari 2014 damu ilimwagika tena Kiteto, mkoani Manyara. Hakuna shamba lenye thamani hiyo.

HATARI KWA NG'OMBE WENYEWE

Kuna jambo ambalo wafugaji wengi wanalijua, lakini halisemwi vya kutosha mbele ya wakulima. Mtama mchanga una sumu. Mtama ambao bado haujafika magotini, mtama ulionyauka kwa ukame, na machipukizi yanayoota baada ya mtama kukatwa au kuliwa, huwa na sumu inayoweza kumwua ng'ombe kwa muda mfupi sana. Mnyama huanza kuhema kwa shida, hutetemeka, huyumba na kuanguka.

Vile vile shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu, kama vile bustani ya vitunguu, ni hatari kwa mfugo na kwa mtu atakayekunywa maziwa yake.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, unapompa jirani habari, mwambie pia ng'ombe wamekula nini, na kama ulipulizia dawa mwambie ni dawa gani na lini. Mwenye mifugo naye, akiona dalili hizo, amwite afisa mifugo mara moja bila kungoja kesi iishe. Na ninyi wafugaji, mkisikia hivi, mjue kwamba anayewazuia ng'ombe wenu wasiingie katika mtama mchanga anawalindia mali yenu pia.

NAMNA YA KUPIMA HASARA

Sasa tufike katika kiini cha mazungumzo yetu. Ugomvi mwingi haukuzwi na ng'ombe. Hukuzwa na maneno mawili. Mwenye shamba anasema, "Shamba lote limekwisha." Mwenye ng'ombe anasema, "Wamegusa majani tu." Wote wawili hawajapima. Kipimo kikiwekwa, maneno hayo yote mawili huanguka.

Mwiteni afisa ugani wa kijiji au wa kata. Wawepo wenye shamba na wenye mifugo, na shahidi wa kila upande. Kisha fuateni hatua hizi.

Kwanza, pimeni eneo lililoliwa. Wakulima wengi wanajua kwamba ekari moja ni kama hatua 70 kwa hatua 70, yaani hatua za mraba 4,900. Tuseme ng'ombe wamekula kipande chenye urefu wa hatua 35 na upana wa hatua 14. Zidisha 35 kwa 14, utapata 490. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya ekari. Apime mtu mmoja kwa hatua zake, na wengine wakimwangalia.

Pili, hesabuni mashina yaliyoharibika. Ndani ya kipande hicho si kila shina limekufa. Chagueni mahali patano, pasiwe pale palipoharibika sana tu wala pale palipopona tu. Kila mahali hesabuni mashina 20 yanayofuatana katika mstari. Jumla mtakuwa na mashina 100. Kama yaliyoharibika ni 60, basi hasara ni sitini kwa mia.

Tatu, tafuteni shamba lingetoa kiasi gani. Tazameni sehemu iliyopona ya shamba lile lile. Hapa mzee mwenye uzoefu na afisa ugani watasaidia. Tuseme wamekubaliana kwamba mtama ule ungetoa magunia matano ya kilo 100 kwa ekari. Basi sehemu moja ya kumi ya ekari ingetoa nusu gunia, yaani kilo 50. Sitini kwa mia ya kilo 50 ni kilo 30. Kwa gunia la debe sita, hizo ni karibu debe mbili.

Umeona, ndugu mkulima? Aliyesema "shamba lote" na aliyesema "majani tu" wote sasa wanazungumza juu ya debe mbili za mtama. Debe mbili zinalipika. Hata ikiwa ni magunia matatu, angalau yanajulikana.

Nne, angalieni umri wa zao. Hapa watu hukosea sana. Mahindi machanga yenye majani manne au matano, pamoja na mtama wa umri huo, sehemu yake ya kukulia bado iko chini ya udongo. Yakiliwa juu bila kung'olewa, mengi huota tena, ingawa huchelewa. Mtama na uwele huweza pia kutoa machipukizi ya pembeni. Basi kama zao ni changa, andikeni hali ya siku ile, halafu mrudi baada ya siku saba au kumi kuhesabu yaliyorudi. Alizeti siyo hivyo. Sehemu yake ya kukulia iko juu tangu inapoota, na mche mchanga uliokatwa chini ya majani yake ya kwanza haurudi. Na zao lolote lililokwisha toa masuke au vichwa, likiliwa, hasara yake ni kamili.

Tano, kama muda bado upo wa kupanda tena, yaani ni Desemba au mapema Januari, hesabuni gharama za kurudia: mbegu, kulima, kupanda na palizi. Mkumbuke pia kwamba zao lililochelewa hutoa kidogo, maana mvua haitalingojea.

Yote hayo yaandikwe katika karatasi moja: tarehe, mahali, idadi ya mifugo, vipimo, zao na umri wake, na majina ya waliokuwepo. Kila mtu aweke sahihi au dole gumba.

FAINI NA FIDIA SI KITU KIMOJA

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili, na katika kuchanganya huko fedha hupotea.

Fidia ni malipo anayopewa mwenye shamba kwa hasara aliyoipata. Inatakiwa ilingane na hasara iliyopimwa. Faini ni adhabu kwa kuvunja sheria ndogo ya kijiji. Faini si mali ya mwenye shamba, wala ya mgambo, wala ya kiongozi yeyote. Ni fedha ya serikali ya kijiji, na lazima itolewe stakabadhi. Mwenye shamba hana mamlaka ya kumtoza jirani faini. Vile vile kijiji kikipokea faini, deni la fidia kwa mwenye shamba halijafutika.

Basi, ndugu mfugaji, ukiombwa fedha uliza: hii ni faini au ni fidia? Kama ni faini, dai stakabadhi. Kama ni fidia, mpe mwenye shamba mbele ya mashahidi na iandikwe. Usitoe fedha "ya kumaliza maneno" kwa mtu asiyehusika. Fedha hiyo haimalizi maneno yoyote, ila huyaahirisha.

Fidia si lazima iwe fedha taslimu. Wengine hukubaliana kulipa debe kwa debe baada ya mavuno. Wengine hutoa maksai siku moja au mbili wakalime tena kipande kile, na mbegu juu yake. Yote ni sawa mradi wote wawili wameridhika na tarehe ya kulipa imeandikwa. Kama mmekubaliana kulipana fedha, amueni mapema ni bei ya lini itakayotumika, ya leo au ya wakati wa mavuno, maana bei ya mtama ya Februari na ya Juni si moja.

MSIPOELEWANA

Mkishindwa kuelewana nyumbani, pelekeni shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya kijiji. Ikishindikana hapo, liko Baraza la Kata, lililoanzishwa kwa sheria ya 1985 kwa ajili ya kuleta usuluhishi na amani kati ya watu wa kata. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mwanzo, na pale ndipo karatasi yako ya vipimo itakapofanya kazi. Mtu mwenye karatasi yenye sahihi za pande zote huongea kidogo mahakamani.

Lakini kuna wakati ugomvi unaanzia kwa mifugo na chini yake kuna mgogoro wa mpaka. Mmoja anasema, "Hapa ni shamba langu," na mwingine anasema, "Hapa ni njia ya ng'ombe tangu enzi za babu." Hilo ni shauri la ardhi, na lina mlango wake. Anza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, ambao wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, husuluhisha tu mashauri ya ardhi na halitoi hukumu. Wasiporidhika, hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MABUA NI YA NANI?

Baada ya mavuno huja ugomvi wa aina nyingine. Kwa desturi ya sehemu nyingi za kanda ya kati, shamba likisha vunwa mifugo huruhusiwa kula mabua, na mwenye shamba hupata samadi. Ni desturi nzuri. Shida ni kwamba wote hawavuni siku moja. Mmoja amemaliza mtama mwezi wa Mei, jirani yake bado ana alizeti, mwingine ana mihogo na mbaazi zinazokaa shambani mpaka kiangazi. Ng'ombe wanaoruhusiwa katika shamba la kwanza wanaingia katika la pili.

Dawa yake ni tarehe. Kijiji kikae katika mkutano na kutaja siku ambayo mashamba ya upande fulani yatafunguliwa kwa mifugo. Kabla ya siku hiyo, asiyevuna aharakishe, na anayechunga angoje. Mashamba ya mihogo na mbaazi yawekwe pamoja upande mmoja, yasitawanyike katikati ya mashamba ya mtama. Na mkulima anayetaka kuhifadhi mabua yake kwa ng'ombe wake mwenyewe ayakate, ayafunge na kuyaweka juu ya dari au mtini. Mabua yaliyosimama shambani bila alama yoyote, kila ng'ombe huyaona ni yake.

UZIO WA GHARAMA NDOGO

Seng'enge ni ghali. Lakini Singida tuna minyaa, na mnyaa hauliwi na ng'ombe wala mbuzi kwa sababu ya utomvu wake. Kata vipande vya urefu wa mkono, viache kivulini siku moja au mbili mpaka utomvu ukauke penye jeraha, kisha vipande mwanzoni mwa mvua. Panda mistari miwili kwa kupishana, kipande hata kipande nafasi ya kiganja kilichopanuliwa. Usiwape watoto kazi hiyo. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza na unaweza kupofusha. Ukikupata, nawa kwa maji mengi upesi uende zahanati.

Mkonge nao hufaa mpakani. Uzio wa matawi ya miiba husaidia msimu mmoja au miwili tu, kisha mchwa huumaliza, na kila mara unapokata migunga unapunguza kivuli na malisho ya kijiji.

Usizungushe shamba lote mwaka wa kwanza kama nguvu hazitoshi. Anza na upande unaopakana na njia ya mifugo na ule wa majini. Na unapopanda uzio, usiipande njia yenyewe. Acha nafasi ya kutosha makundi mawili kupishana. Hatua tano unazoziacha leo zitakulindia mtama kuliko walinzi wawili.

Upande wa wafugaji, mbuzi na punda wafungwe kamba wakati wa masika. Zizi likaguliwe kabla ya mvua. Kiongozi wa kundi avishwe kengele. Na kundi kubwa lisiachiwe mtoto peke yake, hasa siku za shule.

SHERIA NDOGO ZA KIJIJI

Yote tuliyosema yatakuwa na nguvu zaidi yakiwa katika sheria ndogo za kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria hizo. Halmashauri ya kijiji huandika rasimu, mkutano mkuu wa kijiji huijadili na kuikubali, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ndani yake pawekwe mapito ya mifugo, tarehe ya kufungua mashamba, namna ya kupima hasara, pahali pa kuzuilia mifugo, na kiasi cha faini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 nayo inaruhusu wakulima na wafugaji kuandikiana makubaliano ya kutumia ardhi moja kwa zamu.

Wapo watakaosema kwamba wanakijiji hawawezi kujiwekea sheria na kuzifuata. Wana-Mgori wanajua kwamba si kweli. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vya Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamghanga, vinavyopakana na msitu wa Mgori, viligawana ulinzi wa msitu ule mkubwa. Kila kijiji kilikuwa na sehemu yake, walinzi wake na sheria zake. Watu walikuja kutoka mbali kujifunza kwao. Ikiwa majirani waliweza kukubaliana juu ya msitu wa maelfu ya hekta, watashindwaje kukubaliana juu ya njia ya ng'ombe?

Haya, ndugu mkulima, muda wetu umekwisha. Tukumbushane kwa ufupi: ita mashahidi, usimdhuru mfugo, mpe habari mwenyewe siku ile ile, pimeni kwa hatua na kwa kuhesabu mashina, andikeni, lipaneni. Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kwaherini.

MAMBO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu mifugo huingia mashambani zaidi mwezi gani, na kwa kupitia wapi? Nendeni mkapaone.

2. Ni njia zipi za mifugo zilizokwisha limwa? Ni nani aanze kurudisha nyuma mpaka wake, na kwa hatua ngapi?

3. Kijiji chetu kina sheria ndogo juu ya jambo hili? Nani kati yetu amewahi kuisoma? Ombeni isomwe katika mkutano mkuu ujao.

4. Chagueni kipande cha shamba mkapime kwa hatua na kuhesabu mashina 100 kama tulivyoeleza. Ni vizuri kujifunza kupima wakati ambapo hakuna mtu aliyekasirika.

5. Mashamba yafunguliwe kwa mifugo tarehe gani mwaka huu? Wenye mihogo, mbaazi na bustani za vitunguu wasikilizwe kwanza.